Saini Kumi na Mbili

Ijumaa, 9 Januari

Kitinda wangu,

Marahaba. Bahasha yako nene ya bima imefika salama, na mimi namshukuru Mungu kwamba katika tumbo la mama yetu alimwacha wa mwisho awe wakala wa bima, maana sisi wa mwanzo tulitoka na vichwa vya kupika tu.

Usiniambie tena nikupigie simu. Kwenye simu maneno yangu hukimbizana kama kuku walioona mwewe, nikishakata ndipo nakumbuka nililotaka kusema. Barua naiandika kwanza kwenye daftari, nafuta, narekebisha, ndipo nanakili vizuri kwenye karatasi yako. Darasa la saba langu linataka mazoezi.

Fomu ilipouliza kama tunauza vileo, nilikaa nayo siku nzima. Ile kaunta ya baa aliianzisha marehemu shemeji yako, mimi nimeirithi kama mtu anavyorithi kibyongo. Mchungaji akipita hugeuzia uso upande wa mgahawa, nami namshukuru kwa hilo. Lakini nimeandika Ndiyo. Sitaki kudanganya kwenye karatasi yenye jina lako.

Sasa ile kadi ya bomba la moshi. Ina mistari kumi na miwili, na kila mwezi natakiwa nitie saini kwamba bomba lililo juu ya majiko limesafishwa mafuta. Mimi najijua, ni msahaulifu. Basi jana baada ya sala ya asubuhi nikakaa, nikatia saini zote kumi na mbili kwa mpigo, Januari mpaka Disemba, kisha nikaiombea. Nimeivisha plastiki na kuitundika mlangoni mwa jiko. Mpishi wangu, yule ambaye wateja humwita Fundi Chumvi kwa sababu haonji chungu na chumvi haikosei, akaisoma akacheka mpaka akashika meza.

"Mama, hata Disemba tumeshaifagia?"

"Kwa imani, Fundi. Kwa imani."

"Basi nipe na likizo ya Disemba kwa imani, niende nikalale."

Ana mdomo huyo! Lakini ndiye mkono wangu wa kulia.

Fomu inasema wakala lazima aje akague jengo kwa macho yake. Unakuja lini? Nitakutandikia kitanda cha wageni, kile kisicholia.

Dada yako akupendaye.


Jumanne, 20 Januari

Dada,

Shikamoo. Nimecheka barua yako mbele ya wateja ofisini.

Kuja sitaweza. Safari ni siku mbili kwenda, mbili kurudi, na meneja anatuhesabia saa. Ukaguzi nimeshaujaza kutokana na maelezo yako: majiko manne, mtungi wa kuzimia moto mmoja, milango miwili, bomba safi. Nimeandika nimeona kwa macho yangu. Wewe ndiye macho yangu, Dada, kwa hiyo si uongo sana.

Zile saini kumi na mbili, usirudie tena mwakani. Lakini usizifute pia. Karatasi iliyofutwafutwa huzaa maswali. Iache, ila hakikisha bomba linasafishwa kweli.

Uliniuliza kwenye fomu kwa nini kuna vifungu viwili. Ni hivi. Kimoja ni cha jengo na mali: moto ukitokea na wewe ulifuata masharti, unajengewa. Cha pili ni cha wafanyakazi: mmoja akiumia au akifa kazini, familia yake inalipwa fidia, isipokuwa kama aliumia kwa kukaidi agizo. Kwa hiyo mtu wako yeyote akipata shida, jambo la kwanza wataulizana nani aliagiza nini.

Mungu apishe mbali. Msalimie Fundi Chumvi.

Kitinda wako.


Jumanne, 14 Julai

Kitinda wangu,

Marahaba ya miezi yote niliyokaa kimya. Si kwamba nimekusahau, ni kwamba Mungu amefungua mlango na mimi nimebanwa hapo mlangoni. Chuo cha ushonaji kina mahafali keshokutwa, Alhamisi, na chakula cha watu themanini wametupa sisi. Themanini! Mimi ambaye watu thelathini wakiingia pamoja natafuta viti kwa jirani.

Leo asubuhi nilikosana kidogo na Fundi Chumvi. Bomba la moshi hatujaligusa tangu Machi. Alinivuta mkono akanisimamisha chini yake nitazame. Kweli limeota mafuta meusi, mazito kama lami. Akasema, "Mama, tufunge leo na kesho, nipande na sabuni na maji moto. Haya yananidondokea kichwani. Siku moja utanitoa humu nimekaangika kama kiazi."

Nikamwambia tukifunga leo tutapika lini kwa ajili ya themanini? Ngoja mahafali yapite, Ijumaa utasafisha.

"Mama, sipendi."

Nikamjibu, na hapo sijisifu: "Nani mwenye jiko hapa, Fundi?"

Akavaa kofia yake, akawasha. Baadaye nilimpelekea chai mwenyewe, akaipokea kwa mikono miwili, akasema yameisha. Karatasi za mgahawa zimetuishia, basi ameazima hili daftari langu aandike mahitaji ya mahafali nyuma ya ukurasa, ndiyo maana barua imechelewa kunakiliwa. Mwandiko wake mzuri kuliko wangu, na hakupita hata darasa la tano.

Tuombee Alhamisi ipite. Naifunga niwahi posta kabla hawajafunga wao.

Dada yako.


Jumatano, 22 Julai

Dada yangu,

Habari nimezipata kwa jirani yako, nami nimepiga simu mpaka nikakumbuka kwamba simu yako imeungua na vingine vyote. Pole. Pole sana. Namshukuru Mungu wewe ulikuwa nje. Wameniambia Fundi Chumvi yuko hospitali na hali si nzuri. Namwombea.

Sasa nisome kwa makini, Dada, hata kama moyo hautaki.

Mkaguzi wa kampuni atakuja wiki hii. Ni mtu mpole mwenye miwani, usidanganyike na upole wake. Usimwambie mtu yeyote habari za bomba. Wala habari za Ijumaa.

Jirani anasema kadi iliokoka kwa sababu mlango wa jiko uliangukia nje. Ile kadi ina saini mpaka Disemba, na sisi tuko Julai. Mkaguzi akiiona hivyo, umekwisha, na mimi nimekwisha, kwa sababu nilisaini kwamba nilifika na kukagua. Chukua mshumaa. Choma kuanzia Agosti kwenda chini. Mgahawa mzima umeungua, nani atashangaa karatasi nayo ikiungua kidogo?

Dada, nina watoto watatu. Sina zaidi ya kusema.

Kitinda.


Alhamisi, 30 Julai

Kitinda,

Fundi Chumvi amefariki juzi Jumanne, saa nne asubuhi. Tumemzika jana.

Sikujua kama nitaweza kuandika. Nimefuta ukurasa mara tatu.

Ilikuwa siku ya mahafali, kama saa sita mchana. Mimi nilikuwa ukumbini chuoni napanga sahani, watu wameshaanza kuimba. Nikaona wapishi wawili wanakuja mbio na aproni zao, wanapiga kelele. Moto ulitoka kwenye sufuria ya viazi ukaruka juu, na bomba likaupokea. Walisema lilinguruma kama lori. Fundi aliwasukuma wote wawili nje kwa mgongo wake, akarudi kufunga gesi. Akaifunga. Asingeifunga, mtaa mzima ungekuwa majivu. Lakini chupa za kaunta ya baa zilikuwa zimeshaanza kupasuka, moja baada ya nyingine, na moto wa pombe ukamziba mlango. Nilifika nikasimama barabarani nasikia chupa. Nikakumbuka nilivyoona aibu kuandika Ndiyo kwenye fomu, kana kwamba dhambi yangu ilikuwa pale.

Mkaguzi wako alikuja hospitali Jumamosi. Mimi nilikuwa pembeni ya kitanda na chupa ya uji. Fundi alikuwa amefungwa bandeji mpaka shingoni, jicho moja tu liko wazi. Mkaguzi akamuuliza polepole, nani alikuwa na kazi ya kusafisha bomba? Fundi akaligeuza lile jicho akaniangalia. Kisha akasema, "Mama aliniagiza nisafishe. Sikusafisha." Muuguzi akaandikwa kuwa shahidi.

Kitinda, mimi nilikuwa nimeshika uji. Nilikuwa na mdomo. Sikusema kitu. Mkaguzi alipoondoka nikamlisha vijiko vinne, akasema umepoa, nami nikaenda kuupasha. Nilikwenda kuupasha ili nitoke mle chumbani.

Kadi nimeichoma kama ulivyosema, kuanzia Agosti kwenda chini. Plastiki ilinuka nyumba nzima. Nilifungua madirisha yote na bado inanuka.

Dada yako.


Jumapili, 9 Agosti

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo na pole tena. Machozi yamenitoka. Yule alikuwa mtu.

Lakini hebu tuangalie mbele, maana maji yakimwagika hayazoleki. Mkaguzi ameandika ripoti yake: mwenye mgahawa alifuata masharti, kadi inaonyesha, wakala alikagua, mpishi mwenyewe alikiri. Kifungu cha jengo kitalipwa. Utajenga upya, Dada, na safari hii bila kaunta ya baa, umpe Mchungaji nafasi ya kutazama pande zote.

Najua utaniuliza habari za mjane. Kifungu cha wafanyakazi hakitamlipa, kwa sababu marehemu alikaidi agizo, na hilo kalisema yeye. Sisi hatukumlazimisha. Ukishajenga, mpe kazi huyo mama, mpelekee mchele kila mwezi. Utamsaidia kwa namna nyingine. Marehemu alikupa zawadi, na zawadi ya marehemu hairudishwi.

Jambo la mwisho. Barua zangu zote, ya Januari na ya Julai, zichome. Leo hii.

Kitinda wako.


Alhamisi, 20 Agosti

Kwako Mama,

Shikamoo. Mimi ni mke wa mpishi wako. Naandika kwa sababu nikija utanikaribisha chai na tutalia, nami nitaondoka bila kuuliza.

Kampuni ya bima imeniletea barua. Inasema hawatanipa kitu kwa sababu mume wangu aliagizwa kusafisha bomba akakataa. Mwenye nyumba ameisoma kabla yangu, mtaa mzima sasa unajua. Kisimani jana mwanamke mmoja alisema kwa sauti nisikie, "Kumbe ni yeye aliyeunguza riziki za watu." Binti yangu mkubwa alikuwa na ndoo kichwani. Aliitua akaondoka.

Mama, mimi ndiye niliyefua kofia zake miaka kumi na moja. Tangu mvua zilipoanza zilikuwa zinakuja na matone meusi ambayo hayatoki hata kwa majivu. Nilimuuliza, akasema bomba limejaa. Jumanne ya wiki ile alirudi hana raha. Nikamuuliza tena. Akasema, "Tutasafisha Ijumaa." Hakusema nitasafisha. Alisema tutasafisha, kama mtu aliyekwisha kupangiwa.

Hospitali aliniambia nisiulize neno, kwamba wewe ulimwombea binti yetu usiku na mchana alipougua, na deni la sala halilipiki. Nimejaribu kutii. Nimeshindwa.

Sikuulizi kwa ugomvi. Kaburini ulinishika mkono, nawe hukuuachia mpaka watu wakaondoka. Nani alimwambia angoje Ijumaa?

Mimi, mke wake.


Alhamisi, 27 Agosti

Kitinda,

Nakunakilia barua ya yule mama, isome. Isome kwa sauti, mkeo asikie.

Mimi niliisoma nimesimama. Nilikwenda kanisani nikapiga magoti, na kila nikifungua mdomo kuomba nasikia "nani alimwambia angoje Ijumaa?" Nikainuka nikapanda gari, nikaenda ofisini kwa mkaguzi. Nilikaa kwenye benchi tangu wafungue mpaka wanakunywa chai.

Nikamwambia yote. Kwamba mimi ndiye niliyekataa kufunga. Kwamba saini zile ni za siku moja. Kwamba kadi niliichoma mwenyewe. Jina lako sikulitaja, Mungu anisamehe, nililimeza.

Alivua miwani, akanimiminia maji. Akasema, "Mama, nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili. Watu wakifiwa hujitwika. Hapa nina ripoti ya wakala aliyefika kwenye jengo. Nina kadi. Nina kauli ya marehemu mbele ya shahidi. Wewe una uchungu. Nenda kapumzike."

Nikamwambia sijachanganyikiwa.

Akasema, "Basi niletee kitu kilichoandikwa kabla ya moto."

Kitinda, karatasi zinanishuhudia vizuri kuliko ninavyojishuhudia mimi. Kila mtu ananiamini kwa niliyoyadanganya.

Barua zangu unazo wewe. Ile ya Januari nilikuandikia habari za saini. Ile ya tarehe kumi na nne Julai nilikuandikia Fundi alivyonivuta mkono, na nilivyomjibu. Zina mhuri wa posta. Nitumie hizo mbili. Zako nimezichoma kama ulivyoomba, sitazionyesha popote. Nataka zangu tu.

Najua ninachokuomba. Nikizipata barua hizo, mgahawa umekwenda, na pengine kibali chako pia. Lakini binti wa Fundi aliitua ndoo.

Dada yako.


Alhamisi, 3 Septemba

Dada,

Shikamoo.

Nimezichoma. Zote, tangu zile za miaka ya nyuma ulizokuwa unaniandikia nikiwa shule ya bweni. Nilianza na mbili nikaona mkono hausimami.

Hakuna tena kitu kilichoandikwa. Usiende tena kwa mkaguzi, utajiaibisha bure na watasema una wazimu. Mungu anaujua moyo wako, na Mungu hahitaji mhuri wa posta. Hilo likutoshe.

Mafundi wa kujenga wako tayari mwezi ujao. Nikiweza nitakuja. Safari hii nitakuja kweli.

Usinichukie. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni.

Kitinda.


Ijumaa, 11 Septemba

Kitinda wangu,

Sikuchukii. Nilikubeba mgongoni, mgongo hausahau.

Barua yako niliilia siku mbili, hasa zile za shule ya bweni. Siku ya tatu nikawa nakunja vitambaa vya meza ya Bwana, zamu yangu ya kufua, na chini ya kabati la nyumbani nikaliona daftari. Mdogo wangu, umesahau jambo moja kuhusu dada yako. Mimi huandika mara mbili.

Yote yamo. Ya Januari imo, pamoja na Fundi akiomba likizo ya Disemba. Ya tarehe kumi na nne Julai imo, ina kufutwafutwa kwingi pale niliposema nani mwenye jiko hapa, kwa sababu niliona haya hata wakati ule. Nikageuza ukurasa. Nyuma yake, kwa mwandiko wa Fundi Chumvi mwenyewe, mahitaji ya mahafali: viazi, mafuta, sahani za kuazima. Na chini kabisa ameandika, kisha akapigia mstari: Ijumaa, kusafisha bomba. Mama amesema tungoje.

Nilikaa chini sakafuni nalo.

Sitakudanganya. Nilishika ule ukurasa wa Januari nilipokuuliza utakuja lini kukagua, nikataka kukuficha. Ulikuwa unachanika kirahisi, nyuzi zimelegea. Lakini nilikwisha kuchoma karatasi moja, najua inavyonuka. Nikauacha.

Nilipompelekea, mkaguzi alisoma amesimama, akaendelea amesimama, alipofika kwenye mwandiko wa Fundi akakaa. Hakunipa maji safari hii. Alisema mjane atalipwa. Alisema jengo halitalipwa. Alisema watakuita, na mimi huenda nikaitwa polisi kwa ajili ya kadi. Nikamwambia nipo, sina pa kwenda, jiko langu halina paa.

Kutoka pale nilipita kwa mke wa Fundi. Nilimjibu alichouliza. Nilimjibu kwa maneno mawili: "Ni mimi." Hakunikaribisha chai. Alisimama mlangoni ameshika kofia moja ambayo bado haijatakata, akasema, "Asante kwa kuja, Mama," kisha akafunga mlango, taratibu, kama mtu anayemfungia mgonjwa. Nilistahili kubamizwa.

Uje, hata hivyo. Kitanda cha wageni kipo. Ukija kwa miguu yako kabla hawajakuita itakuwa afadhali kwako, nami nitakusindikiza mpaka mlango wa ofisi ile, nikuombee kwenye lile benchi.

Samahani kwa makosa na mistari iliyopinda. Barua hii sikuiandika mara ya kwanza popote. Daftari sinalo, liko mezani kwa mkaguzi.

Dada yako.